Kihisi Kilipozimika

Taa ndogo ya buluu iliyokuwa chini ya kifundo cha mkono wangu wa kulia ilizimika katikati ya ubeti wa pili, nami nikaendelea kutikisa mkono. Hilo ndilo tukio lote. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichovunjika, na watu walioketi chini ya turubai usiku ule huko Kigoowa, mwendo mfupi tu kutoka Ntinda penyewe, walilia zaidi baada ya taa kuzimika kuliko kabla yake. Naandika kwa sababu nimeshindwa kulisahau, na kwa sababu nilipowasimulia wenzangu tunaosoma nao Kiswahili walicheka kwanza, kisha wakagawanyika makundi mawili ambayo hayajapatana hadi leo.

Swali langu ni hili: mpigaji anapofanya kwa mkono wake ishara ya hisia ambayo haiingii katika sauti, je, amewadanganya wasikilizaji? Na kama hajawadanganya, kwa nini mimi sikulala?

Sina budi kueleza kifaa chenyewe. Yeyote aliyewahi kupiga kinanda cha umeme anaijua dhiki yake. Katika Kiswahili ala zote tunazipiga: tunapiga ngoma, tunapiga zeze, tunapiga hata filimbi ambayo kwa kweli tunaipuliza. Lakini kinanda ndicho kinachopigwa hasa, kwa maana kwamba pigo likishatua mambo yamekwisha. Kinanda hupima kasi ya kidole, huipa namba kati ya 1 na 127, kisha hutoa sauti iliyorekodiwa zamani. Ukitaka sauti hiyo ipande kidogo kidogo, itetemeke, au ishuke kama mtu anayemeza machozi, itakubidi uzungushe gurudumu dogo lililo upande wa kushoto. MIDI, yaani lugha ambayo vinanda vya umeme vimezungumza tangu mwaka 1983, imelipa gurudumu hilo ngazi 16,384, ambazo ni nyingi kuliko sikio linavyohitaji. Tatizo si ngazi. Tatizo ni kwamba mkono wa kushoto una kazi yake ya kushika sauti za chini, na binadamu hana mkono wa tatu.

Tamaa ya kuutafuta mkono huo wa tatu ni ya kale. Kabla piano haijaenea Ulaya kulikuwa na klavikodi, kinanda ambacho kidole kikibaki juu ya kibonye na kukibonyeza-bonyeza, uzi wa ndani hukazika na sauti hutetemeka. Carl Philipp Emanuel Bach alikisifia jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1753. Maurice Martenot, Mfaransa aliyeonyesha chombo chake cha umeme mjini Paris mwaka 1928, baadaye alikitengenezea vibonye vinavyoyumba kulia na kushoto, ili kidole kitetemeshe sauti kama kidole cha mpiga fidla. Nintendo ilipoanza kuuza Wii mwaka 2006, ikiwa na rimoti inayotambua jinsi mkono unavyokwenda, wanamuziki hawakukawia kuona kwamba kilichotengenezwa kwa ajili ya kucheza tenisi sebuleni kingeweza pia kuliza kinanda.

Changu nilikiunda mwenyewe wakati wa likizo. Ni kadi ya MPU-6050, ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti, ambayo hupima jinsi kitu kinavyoongeza mwendo na kinavyozunguka, kila kimoja kwa pande tatu. Nimeifunga mkononi kwa mkanda wa saa kuukuu. Mkono ukiyumba wakati kidole kiko juu ya kibonye, habari hutumwa hewani hadi kwenye kompyuta yangu, na kompyuta huviringisha lile gurudumu kwa niaba yangu. Kiswahili sanifu kinakiita kifaa cha namna hii kihisi. Nimelifikiria sana neno hilo. Kihisi, kuhisi, hisia: shina moja. Lakini kihisi hakihisi chochote. Hupima mtikisiko wa mfupa, na mfupa hutikisika vilevile kwa mwenye huzuni na kwa mwenye baridi.

Sasa nirudi kwenye mkesha. Mzee aliyefariki alikuwa mpigaji wa endingidi, zeze la uzi mmoja la Waganda, ambalo wengi wa kizazi changu tumeliona kwa karibu mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Ndere Centre hapa jirani. Uzi wa endingidi hauna ubao wa kukandamizia. Kidole huugusa hukohuko hewani, kwa hiyo hakuna sauti inayokaa mahali pake yenyewe. Kila sauti inatafutwa. Ndiyo maana zeze hilo linaweza kulia namna kinanda kisivyoweza. Tena kuna shida ambayo hata kihisi hakiiondoi. Muziki wa asili wa Buganda huigawa oktavu katika hatua tano zinazokaribiana kulingana, na hatua kama hizo hazimo kwenye vibonye vyangu. Kwa hiyo kinanda changu kilikuwa nje ya wimbo hata kabla sijaanza kukosea.

Mjane wake, ambaye mtaani sote tunamwita Jajja kama tunavyowaita bibi zetu, aliniomba nipige wimbo mmoja ambao mzee aliupenda. Alikuwa amesikia kwa wajukuu kwamba kinanda changu siku hizi "kinalia". Nami, kwa majivuno ya mtu aliyeunda kitu kikafanya kazi, nilisimama mbele ya watu kabla ya kuanza, nikainua mkono wa kulia, nikawaonyesha mkanda, nikasema kwamba mkono huu ndio utakaolia badala ya endingidi. Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo. Kama kuna kosa katika kisa hiki, nadhani mzizi wake uko pale, hata kabla betri haijaisha.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili nilihisi sauti imekuwa ngumu, kama mtu aliyeacha kukuitikia katikati ya mazungumzo. Nikatupa jicho chini, nikaona taa imezimika. Nilikuwa na njia tatu. Ningeweza kuacha kutikisa mkono na kumaliza wimbo kikavu. Ningeweza kupiga sauti za chini mara moja moja na kulikimbilia gurudumu kwa mkono wa kushoto. Au ningeweza kuendelea kama vile hakuna kilichotokea. Nikaendelea, na si hivyo tu: nilizidisha. Mkono ulipokuwa na kazi ulitikisika kidogo. Ulipokosa kazi ulitikisika sana.

Nilipomaliza, Jajja alinyanyuka akanishika kifundo cha mkono, palepale kwenye mkanda. Akasema kwa Kiganda maneno ambayo nayatafsiri hivi: "Mjukuu wangu, mkono huu ni wa mzee." Kisha akaniomba niende nao kijijini, upande wa Masaka, kwenye olumbe, yaani shughuli ya kuhitimisha msiba ambapo mrithi hutambulishwa kwa ukoo. Rafiki wa marehemu, mzee mwenzake waliyepiga naye endingidi miaka mingi, ndiye aliyetarajiwa kupiga siku hiyo. "Yeye tumwache apumzike," Jajja alisema. "Nauli ni nzito, na wewe unazo sauti zote."

Wenzangu waliocheka walikuwa na hoja nzito kuliko nilivyotarajia. Mmoja, binti wa Busia anayecheza ngoma kwelikweli, aliniambia kwamba nimejitesa kwa mawazo ya kigeni. Kwetu, alisema, neno ngoma ni ala, ni dansi, ni shughuli nzima. Nani alikwambia sauti ni kitu kimoja na mwili unaotikisika ni kitu kingine? Mchezaji wa bakisimba hutikisa kiuno na watu wakasisimka, wala hakuna anayemuuliza kiuno chake kimeunganishwa na waya gani. Wewe ulicheza ngoma ya mkono. Kwa nini uite uongo?

Ushahidi uko upande wake. Mpiga piano akishagonga kibonye, nyundo huuacha uzi, na chochote anachofanya baadaye kwa kidole kilekile juu ya kibonye kilekile hakibadili sauti hiyo. Hata hivyo wapiga piano wakubwa huinamisha kichwa, hunyanyua mkono polepole kana kwamba wanaivuta sauti kwa uzi. Michael Schutz na Scott Lipscomb walichapisha mwaka 2007 utafiti juu ya marimba: mpigaji hodari alirekodiwa akipiga kwa mwendo mrefu wa mkono na kwa mwendo mfupi. Watu waliposikiliza bila kuona, sauti zilikuwa na urefu uleule. Walipoona video, zile za mwendo mrefu walizisikia ndefu zaidi. Hawakujifanya, ndivyo walivyozisikia. Kwa hiyo waliokaa chini ya turubai yawezekana kabisa walisikia kinanda kikilia, kwa sababu waliuona mkono ukilia. Tukisema huo ni uongo, itabidi tuwashitaki wapiga marimba wote, na mimi sina ujasiri huo.

Mwingine alitaja taarabu. Tangu miaka ya 1990, vikundi vya taarabu ya kisasa kama East African Melody vimetumia kinanda kufanya kazi ambazo zamani zilifanywa na fidla na kanuni za watu kadhaa, na mpigaji huiminya sauti kwa lile gurudumu hadi ikaribie fidla ya Misri. Hakuna anayerudi nyumbani akilalamika kwamba ametapeliwa. Kweli. Lakini pale kila mtu anajua anachokisikiliza. Hakuna aliyesimama mbele ya wageni akanyoosha kidole chake na kusema hiki ndicho kitakacholia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na dada yangu wa Busia. Mchezaji wa bakisimba haahidi kwamba kiuno chake kinatoa sauti ya ngoma. Mpiga piano naye haahidi. Mimi niliahidi. Na uongo, nionavyo, haukai ndani ya mkono wala ndani ya sauti; hukaa kati ya neno nililolitoa na jambo nililolijua. Ubeti wa kwanza neno na jambo vilikuwa pamoja. Taa ilipozimika vikaachana, nami peke yangu, kati ya watu wote pale, ndiye niliyejua kwamba vimeachana.

Nilidhani hoja ingeishia hapo. Haikuishia, maana nilipokagua programu niliyoiandika mwenyewe nilikutana na aibu nyingine. Kwa kuogopa kutia dosari kanisani, nilikuwa nimeiwekea mipaka: mkono uyumbe utakavyo, sauti isipande wala kushuka kupita nusu hatua, na ikishayumba irudi yenyewe mahali pake. Maana yake, hata kihisi kilipokuwa kizima, sikuweza kukosea. Mpigaji wa endingidi kidole chake kikiteleza, kila mtu anasikia. Mimi nikiteleza, kompyuta inanishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara ya Kisaasi. Je, hisia isiyoweza kukosea ni yangu kwa kiasi gani? Na sauti ya fidla iliyomo ndani ya kinanda ilikuja na mtetemo wake, wa mtu nisiyemjua aliyerekodiwa katika studio nisiyoijua. Baada ya taa kuzimika, mtetemo pekee uliobaki hewani ulikuwa wa mtu huyo. Jajja alinishika mkono akauita wa mumewe, kumbe hata wangu haukuwa.

Nimesoma kidogo juu ya jambo hili. Tolstoy, katika kitabu chake juu ya maana ya sanaa kilichotoka mwishoni mwa karne ya 19, anashikilia kwamba sanaa ni mtu kumwambukiza mwenzake hisia aliyoipitia mwenyewe. Pasipo unyofu huo hakuna sanaa. Kwa kipimo chake, nusu ya pili ya wimbo wangu haifai kitu, maana tangu taa ilipozimika sikuwa na huzuni tena, nilikuwa na hofu ya betri. Diderot, katika maandishi yake juu ya mwigizaji yaliyochapishwa mwaka 1830 baada ya kifo chake, anasema kinyume: mwigizaji bora ni yule asiyehisi, anayeliza watu huku kichwa chake kikiwa baridi. Kwa Diderot mimi nilifuzu usiku ule. Naona wote wawili wanaangalia jukwaa tu. Wanauliza mpigaji ana nini moyoni, na watu wanapata nini masikioni. Hawaulizi watu wataondoka hapo wakafanye nini kwa kuamini walichokiona.

Kwangu hilo ndilo lililoamua. Machozi siyahesabu tena. Mwanzoni mwa insha nimesema watu walilia zaidi baada ya taa kuzimika, na sasa naona jinsi sentensi hiyo ilivyojaa majivuno. Walikuwa wakimlilia mzee. Ubeti wa pili ndio unaotaja kuondoka, usiku ulikuwa umekwenda, na pengine ningepiga hata debe wangelia. Machozi yale hayakuwa deni langu. Lakini Jajja aliamua jambo kwa kuutazama mkono wangu. Alimwondoa mtu mahali pake. Mzee mmoja, mwenye vidole vinavyoweza kukosea, alikuwa anakosa safari ya kumsindikiza rafiki yake kwa sababu ya kifaa kilichokuwa kimezimika. Mtu akikulilia kwa kosa, kosa linakauka pamoja na machozi. Akipanga mambo yake kwa kosa hilo, linaota mizizi kwa mtu wa tatu ambaye hakuwapo hata kusikiliza.

Nilikwenda kwa Jajja wiki mbili kabla ya olumbe. Nilimkuta barazani akichambua maharage. Nilipiga magoti kidogo kama ilivyo desturi, nikamsalimu, nikaketi, nikazungukazunguka na habari za masomo hadi akaniuliza nina shida gani. Nikamweleza. Haikuwa rahisi kueleza betri na taa ya buluu kwa mtu anayetazama mikono yako.

Hakukasirika kwa sababu ya kifaa. Alikasirika kwa sababu nyingine, ambayo sikuwa nimeitayarishia jibu. "Usiku ule nilipata kitu," alisema. "Sasa umekuja kukichukua ili wewe ulale." Akaendelea kuchambua maharage. Nikakaa kimya muda mrefu. Nilitamani kumwambia kwamba nimekuja kwa ajili ya rafiki wa mumewe, na ilikuwa kweli, lakini aliyoyasema nayo yalikuwa kweli. Watu wanaosifu ukweli mara nyingi hawataji ni nani anayelipia. Mimi nilijipunguzia mzigo nikamtwika mjane. Hata leo sijui kama kulikuwa na njia ya kumrudishia yule mzee nafasi yake bila kumnyang'anya Jajja ule mkono. Pengine ningeweza kusema tu kwamba nina mtihani siku hiyo. Baadhi ya wenzangu wanashikilia kwamba ndivyo ningefanya, na kwamba uongo mdogo wa pili ungekuwa na huruma kuliko ukweli wangu. Sijawashinda kwa hoja. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuuchezesha mkono mmoja mtupu mbele yake, na sikutaka kuuchezesha wa pili.

Alimwita yule mzee. Nami aliniambia nije, "lakini bila saa yako". Kwenye olumbe mzee alisikiliza kinanda changu kwa dakika moja, akatikisa kichwa, akaniomba nishike sauti ya chini moja tu na nisiiachie. Zeze lake halikukaa kwenye vibonye vyangu hata kidogo. Mara mbili kidole chake kiliteleza, na mara ya pili akacheka mwenyewe huku akiendelea kupiga. Jajja alikuwa amekaa mbali na wanawake wenzake. Sikuweza kuuona uso wake.

Kihisi sikukitupa. Nakitumia bado kanisani, na nimeiondoa ile mipaka kwenye programu, jambo ambalo limeniletea Jumapili mbili za fedheha na macho makali ya mwalimu wa kwaya. Kitu kingine nilichobadilisha ni taa. Zamani ilikuwa chini ya kifundo, upande niliouona mimi peke yangu. Nimeifungua kwa bisibisi nikaihamishia juu, upande wa watu. Rafiki yangu anasema hakuna anayeiangalia.